Buto ya écho

Mujukuu wangu Espérance, babu yako nakusalimia kutoka Masisi. Ngombe ya baba yako imezala, maziwa iko mingi, tunashukuru.

Unaniuliza: ku ile appareil yangu ya ma-effet, ya kugeuza sauti ya guitare, buto gani ya kufinya nilipendaka sana? Ni ya écho, yenye kurudisha sauti. Siku tulienda kuimba kule Pinga, pikipiki ilitikisa ile appareil mpaka buto ya écho ikakufa. Mu kanisa sauti ya guitare ikatoka kavu, bila écho, nikapata haya. Binti mumoja wa chorale, kwaya ya kanisa, akasogea: kila nilipomaliza mustari, akaurudilia na sauti yake, polepole, mpaka ikapotea.

Ule binti nikamuoa, njo bibi yangu, koko wako. Mpaka leo nikisema ku meza, "Asante, Bwana," nasikia kutoka jikoni: "Asante, Bwana."