Picha Yako ya Moshi

Shikamoo, Mama. Nimeamka na neno hilo mdomoni, kana kwamba nakukuta jikoni.

Kwetu Kasulo kumetulia. Wakimbizi wengi walisharudi kwao. Mimi mwanao siku hizi niko mbali, nafanya kazi kwenye hadubini ya elektroni, natafuta umbo la sumu ya kipindupindu kilekile kilichokuchukua. Ulipenda kusema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Uliwapikia maharage watu waliovuka mpaka wa Rusumo wakikimbia vita Rwanda, na mwenyeji hakupona. Siwalaumu wageni. Lakini inaniuma, Mama, acha niseme.

Kazi yenyewe ina ukaidi. Ukizidisha mionzi, molekuli inaungua. Ukipunguza, picha inajaa chenga. Basi tunapiga maelfu ya picha, kompyuta inazipanga na kuzijumlisha mpaka umbo lijitokeze. Ila ole wako uionyeshe kompyuta mapema sura unayoitamani! Itaiona hata kwenye chenga tupu.

Sasa Kaka anakujengea kaburi kwa saruji, akataka picha ya kuweka msalabani. Ipo ile moja tu, umeinamia sufuria, uso umemezwa na moshi. "Wewe si fundi wa vitu visivyoonekana?" akaniambia. Picha moja haitoshi, nilijua. Lakini hamu haina adabu: nikaipa kompyuta sura yangu iwe mwongozo, maana wote husema tumefanana.

Ukatokea, Mama! Macho, mashavu, mpaka tabasamu. Nikaituma nyumbani. Mama mdogo akaangua kilio kwenye simu: "Ndiye! Ndiye huyuhuyu dada yangu!" Fundi wa kaburi akaanza kuitengeneza kwa ajili ya msalaba.

Nilipoitazama tena, nikaliona kovu juu ya nyusi. Mama, kovu hilo ni langu. Nililipata sekondari, wewe ukiwa umeshazikwa.

Nikampigia Kaka, nikamwambia asimamishe. Alifoka. Mama mdogo hapokei simu zangu mpaka leo. Anasema nimemnyang'anya dada yake baada ya kumrudisha. Ana haki ya kulia. Nami nalia, jamani, nani hataki kumwona mama yake?

Msalabani tumeweka ileile ya moshi.

Uso wako siukumbuki, Mama. Nimelisema. Nikija likizo nitapalilia pembeni ya kaburi na kukaa nawe kidogo. Lala. Nakuahidi, pale ulipofutika sitamweka mtu mwingine, hata mimi mwenyewe.

Mwanao