Nilimshuku Masanja

Shikamoo mama,

Nipo Kerende kwa Pendo. Mvua inanyesha kila alasiri, na matope ya huku yanavua mtu viatu. Mdogo wangu huyu amebakiza wiki chache ajifungue. Kliniki walimpima damu wakamkuta na homa ya ini, ile B, wakamwambia mtoto anaweza kuipata wakati wa kuzaliwa.

Moja kwa moja nilimshuku mume wake. Masanja anachimba dhahabu, anashinda na watu wa kila mkoa, nikajua ameitoa kwa wanawake wa huko machimboni. Siku tatu nilimchunguza. Simu yake ikilia, natega sikio. Akipika ugali na dagaa, nasema nimeshiba.

Jana tulikwenda kliniki wote watatu. Nesi, mama mmoja wa Kikurya mwenye sauti kubwa, akanigeukia: "Huyu baba tumempima, hana. Wewe dada mtu umepima? Na mama yenu? Wengi wanazaliwa nayo na hawajui."

Niliinamisha kichwa kwa aibu. Nilimwomba Masanja radhi njiani, akacheka, na jioni nikala dagaa wake mpaka nikalamba vidole.

Nimetoa damu, nangoja majibu. Pendo atajifungulia hospitali ya Tarime mjini, ili mtoto achanjwe siku hiyohiyo. Kadi hii ya salamu nimeitia kwenye bahasha uisome peke yako. Mama, hakuna anayekulaumu. Tunakupenda sana, na tunakutaka uwe mzima. Nenda kapime.

Mwanao, Rehema