Baba Atakuja na Meza Yake

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Juu ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na lile goti lako limeacha kukusumbua kwenye baridi ya huko. Sisi hapa hatujambo. Mimi niko salama, isipokuwa kidole gumba cha kushoto ambacho nimekigonga kwa nyundo mara mbili ndani ya wiki moja. Shemeji yako naye mzima, bado anakoroma na bado anakataa kwamba anakoroma. Baba ni mzima sana. Hilo neno "sana" usiliruke, maana barua yote hii inamhusu yeye.

Barua yako niliipata Jumanne. Unasema karatasi za Baba zimekamilika, chumba chake kiko tayari, na mwisho wa mwezi wa nane unakuja kumchukua akakae kwako moja kwa moja. Mimi nimwambie mwenye nyumba kwamba vile vyumba viwili vya Baba tunavirudisha. Unataka jibu kabla hujakata tiketi. Jibu ni hapana, Kaka. Nimelitanguliza ili usisome huku roho iko juu. Sasa kaa vizuri nikueleze, na tafadhali usinyanyue simu kabla hujafika mwisho, nakujua mimi.

Sikulaumu hata kidogo. Ulipokuja kututembelea mwaka jana, uliondoka ukamwacha Baba kwenye kile kiti cha dirishani, anatazama ukuta wa jirani tangu asubuhi hadi chai ya jioni. Tangu Mama atutoke alikuwa hasemi ila "ndiyo", "hapana" na "funga mlango". Na mwezi wa kwanza ni mimi mwenyewe niliyekuandikia kwamba Baba anakwisha hivi hivi tunamwona. Niliandika kweli, na wewe ukafanya linalompasa mtoto wa kwanza. Lakini ile ilikuwa mwezi wa kwanza.

Unawakumbuka wenzake wa karata, Kinyozi na Mwalimu? Kila Jumamosi walikuwa wakicheza poka kwenye ukumbi wa chama cha mafundi. Baba alipofiwa akaacha kwenda, kisha ukumbi wenyewe ukageuzwa ghala la saruji, na wale wazee wawili wakabaki wanazunguka na karata mfukoni kama watu waliopotelewa na ufunguo. Kwa Kinyozi hakuna nafasi, viti vya kunyolea vimejaa. Kwa Mwalimu ni vitabu hadi bafuni. Kwa Baba unapajua, ukiweka meza kubwa itabidi utoe kitanda. Mimi nikajisemea, kama mzee haendi kwenye mchezo, basi mchezo utamfuata. Kinachotakiwa ni meza kubwa ya kukaa watu, inayokunjika ikawa kama sanduku, mtu akaitia begani akaenda nayo.

Najua unavyocheka. Cheka tu. Mimi ni mtu wa cherehani, na mbao nilikuwa nazijua kwa kukalia. Lakini nani aliwahi kuniambia siwezi jambo akalala usingizi?

Nikanunua plaiwudi, vipande vya fremu, bawaba na miguu minne. Nikaenda kufanyia kazi sebuleni kwa Baba, eti kwangu hakuna mwanga. Nusu mbili za meza, kila moja na fremu yake kwa chini, zinakutana katikati kwa bawaba. Ukikunja, miguu inabaki imelala ndani. Kwa mdomo ni kazi rahisi mno.

Shemeji yako ndiye aliyepewa miguu. Akailaza ndani ya nusu ya meza, akaona miwili haienei, inagombania mahali pamoja. Mwenzangu hakuwaza mara mbili, akachukua msumeno akaipunguza yote minne hadi ikaenea. Ikaenea vizuri kabisa. Tulipoikunjua na kuisimamisha, meza ikatufika magotini. Kinyozi angecheza poka amepiga magoti kama anaomba msamaha.

Baba alikuwa kitini, kimya, hata kichwa hakugeuza. Basi mimi nikaanza kufunga bawaba. Nikaziweka juu ya mbao, nikakaza skrubu ya kwanza ikaenda upande, ya pili ikafuata upande huo huo. Siku hizi nawaambia watu nilifanya makusudi. Mungu anajua. Kwenye skrubu ya tatu nikasikia kiti kinalia nyuma yangu.

"Bawaba hailali juu ya mbao," Baba akasema. "Inalala ndani ya mbao. Lete patasi."

Kaka, nilisimama pale kama nimemwagiwa maji. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema kwa mwezi mzima! Huyu mtu amefunga milango ya nusu ya mji huu, miaka thelathini na zaidi, na nilikuwa namtesa kwa kile kilio cha skrubu bila kujua, au kwa kujua, shauri yako. Akapiga magoti sakafuni na ile miaka yake yote. Akazing'oa bawaba zangu, akachimba kwenye fremu kijishimo cha kila moja, akazilaza mle, ukipitisha kidole huzisikii. Miguu ya shemeji yako akaitazama kwa muda mrefu.

"Mnalala wawili kitanda kimoja na bado hamjajua?" akauliza. "Kila mmoja mpe upande wake." Tukaleta miguu mipya, mirefu kamili. Akaufunga mmoja karibu na ukingo, mwingine akausogeza ndani kidogo. Ikikunjwa inalala ubavu kwa ubavu, hakuna ugomvi. Shemeji yako alitafuta mahali pa kuficha uso akakosa.

Kazi ya kitambaa ilikuwa yangu, na hapo nikavimba kichwa. Kwanza sponji nyembamba, ili karata iokoteke bila kukwangua kwa kucha. Juu yake kile kitambaa cha kijani chenye manyoya mafupi, kipande kimoja kwa kila nusu, nikakivuta na kukibana kwa chini kwa stepla hadi kikawa hakina kunyanzi hata moja. Nikashona na mfuko wa turubai wenye mkanda wa begani. Kwa kweli ilikuwa meza ya kumwonyesha mtu.

Jumamosi wakaja. Usishtuke, hakuna aliyecheza pesa, unajua msimamo wa Mama kuhusu hilo, na sisi tunauheshimu hata sasa ambapo hayupo. Nilitoa lile kopo lake la vifungo, vikawa ndivyo dau. Vyeupe ni vya kawaida, vyekundu vya koti ndivyo vya thamani kubwa. Mwalimu akachanga karata, akagawa. Karata ikatoka mbio, ikafika katikati ya meza ikasimama kama imeona polisi. Ya pili vivyo hivyo. Akagawa Kinyozi kutoka upande wa pili, nazo zikakimbia hadi katikati zikagoma. Kinyozi akasema ni mkono wa Mwalimu umezeeka. Mwalimu akasema ni mafuta ya nywele yaliyoganda vidoleni mwa Kinyozi. Wazee wazima, wakanyosheana vidole hadi miwani ya Mwalimu ikaangukia chai.

Baba akaweka kiganja kwenye kitambaa, akapapasa kwenda, akapapasa kurudi, upande wake na upande wa pili. Kisha akaniinulia macho taratibu. "Aliyekata hiki kitambaa ni nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kitambaa cha manyoya kina upande wa kulala, kama mgongo wa paka. Ukipapasa kufuata, mkono unateleza, ukirudisha, kinakataa. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza huambiwa vipande vyote vikatwe vikitazama upande mmoja. Mimi, miaka ishirini na miwili kwenye cherehani, ili nisipoteze ukanda wa kitambaa wa upana wa kiganja, nilikigeuza kipande cha pili kichwa chini. Manyoya yote ya kulia yakalalia katikati, na ya kushoto nayo yakalalia katikati. Mganga hajigangi.

Na Baba akacheka. Kaka, Baba alicheka! Alicheka hadi akashika ukingo wa meza, hadi akatoa leso, hadi Kinyozi akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Ni kile kicheko chake cha zamani, cha kupiga paja. Nikasema nakwenda kuongeza chai. Nikafika jikoni nikalia mbele ya birika kama mtoto mdogo, kwa furaha, na kwa Mama ambaye hakukisikia.

Jumatatu nilikibandua kitambaa nikakata upya. Toka hapo ndio hatujapumzika. Kinyozi alitaka yake. Nesi wa ghorofa ya chini akaomba moja kwa chumba chao cha mapumziko kule zahanati. Madereva wa teksi wa pale kona wanataka ya watu sita, wanayoweza kuitia kwenye buti. Baba saa moja asubuhi mlango wake uko wazi, randa inalia, na vumbi la mbao linaniingia hadi kwenye chai. Ananigombeza, anamgombeza shemeji yako, jana alimgombeza muuza plaiwudi kwa mbao zilizopinda. Jumamosi meza inavaa mkanda, inakwenda kwa Mwalimu au kwa Kinyozi, na Baba anatembea mbele yake akifungua milango. Amenenepa kidogo. Kile kiti cha dirishani kimegeuzwa cha kuwekea makopo ya gundi. Huyo ndiye mtu unayetaka kumng'oa, Kaka. Ndiyo maana nimekujibu hapana bila kumung'unya maneno.

Lakini sikukujibu kwa kichwa changu peke yangu. Barua yako nilimsomea yote, neno kwa neno. Alikuwa anapiga msasa, hakuacha. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale unapoeleza nyumba. Nikarudia: vyumba vitatu, joto zuri, mtaa wa kimya, majirani wa kimya, jioni kimya kabisa, Baba atapumzika. Akaweka msasa chini.

"Jioni hizo anacheza na nani?" akaniuliza.

Nikasema sijui. "Anakula na nani?" Sikujua hilo pia, na nikaona aibu, maana ni miaka sita sasa uko huko na sijawahi kukuuliza. Nimekuwa nikikuuliza goti. Baba akasema, "Amelitaja neno kimya mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Mtu aliyeridhika na kimya hakitaji." Akaokota msasa akaendelea na kazi yake, na mimi nikabaki na barua mkononi, nikaisoma tena kwa macho mengine.

Kwa hiyo sikiliza alivyoamua, na ukijua kumbishia utanifundisha. Kuhama hahami, vyumba vyake anabaki navyo. Ila mwezi wa nane atakuja kwako wiki sita, akuone, kisha arudi, kwa kuwa Kinyozi na Mwalimu wamempa ruhusa ya wiki sita tu, na hata hizo walinuna. Na haji mikono mitupu. Anakutengenezea meza. Ni ndogo, ya watu wanne, ikikunjwa inaingia kwenye sanduku langu lile la bluu, amelipima mara tatu. Ameniamuru nikate kitambaa kwa namna yake: manyoya yote yalale kuelekea upande mmoja, na upande huo ndio kiti chako. Anasema karata zikufikie bila kukawia, maana tangu utoto ulikuwa huzioni bahati zinapopita.

Kuna sharti moja tu. Hesabu mwenyewe: wewe na Baba ni wawili, viti ni vinne. Poka ya watu wawili Baba haichezi, anaiita mabishano. Wale wawili utawatafuta wewe. Hata kama ni jirani mnayeinamiana tu kichwa ngazini, gonga mlango, mwambie una baba anakuja na meza. Usione haya, Kaka. Mimi nilianza na skrubu tatu zilizokwenda upande.

Wanaokusalimia ni wengi. Shemeji yako, anayesema habari ya miguu ya meza nimeitia chumvi. Mama Mdogo, ambaye amekufumia soksi nzito za kijivu, Baba atakuja nazo. Kinyozi anauliza kama nywele zimebaki. Mwalimu anasema mwandiko wako umeharibika. Nami nakuombea Mungu akutunze katika njia zako zote, akuondolee maumivu ya goti, na akujazie hiyo nyumba yako kelele za watu wanaokupenda.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata siku ninayokwambia hapana,

Sindano.

Baba ameichukua barua kabla sijaifunga, ameongeza haya kwa penseli yake ya kazi:

Mwanangu, usikate tiketi ya kuja kunichukua, nitakuja mwenyewe. Nitumie upana wa mlango wako, meza ipite hata ikiwa wazi, na majina ya hao wawili.