Mama Hasadiki Tena Barua Zako

Kwa Duka la Vithaldas,
Haneti, Dodoma.
14 Aprili 1946

Mpendwa kaka Kefa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Ruthu na watoto hamjambo huko Dar es Salaam, na kwamba kile kikohozi chako kimepoa. Mimi ni mzima wa mwili. Kusema kwamba sote hapa hatujambo siwezi, maana uongo umetosha katika nyumba hii.

Mama amejua. Jumanne ya wiki iliyopita alikuja Silvano, aliyekuwa askari pamoja na mdogo wetu Filipo kule Burma. Ameachishwa jeshi, akaona vema apitie kwetu ampe mama pole ya mwanawe aliyekufa mwaka juzi. Mama alikuwa anapepeta uwele. Alimjibu kwamba Filipo hajafa, barua yake imekuja mwezi wa pili.

Silvano akanitazama mimi.

Lawama hizi sizibebi peke yangu, kaka. Ni wewe uliyeletewa habari ya kifo, na ni wewe uliyesema mama ana kichomi, tusimwambie mpaka apone. Sawa, mgonjwa hufichwa msiba. Lakini mama alipona kabla ya mavuno, na wewe ukaendelea kuandika kwa jina la Filipo: anakula vizuri, amenenepa, anamsalimu mama. Mimi nikazisoma. Kila barua mama aliinusa kwanza ndipo akaifungia kikashani. Naona aibu, na nakukasirikia kwa sababu wewe hukuwahi kuuona uso wake akisikiliza.

Tena ninyi wanaume mlikaa matanga siku tatu kwa baba mdogo Makole, mkanyoa, mkala, mkamaliza. Sasa baba mdogo ameleta salamu kwamba msiba haukaliwi mara mbili. Nani aliwapa ruhusa ya kuumaliza bila mama mzazi?

Bwana dawa wa zahanati alimpa vidonge vya usingizi. Akalala, akaamka vilevile. Mwinjilisti akamwambia asimlilie aliyekwisha kupumzika kwa Bwana. Siku nne mama hakulia, hakula, hakusema.

Aliyemtibu ni Emilia, yule jirani yetu mjane. Hakumwomba mtu ruhusa. Alikuja na mkeka wake, akamnyoa mama nywele, akaita wanawake. Kila alasiri wanakaa naye, na kila anayekuja sharti aseme jambo moja analolikumbuka la Filipo. Mmoja alieleza jinsi Filipo alivyomwibia maziwa akamsingizia paka. Mama akacheka, kisha akalia mpaka kanga yangu ikalowa begani. Jioni ile alikunywa uji. Badala ya kufurahi nikazidi kukasirika, maana dawa hii ilikuwapo hapahapa muda wote, sisi tukaifungia mlango.

Lakini liko jambo ambalo Emilia haliwezi. Jana ilifika barua yako mwenyewe ya kutuuliza hali. Nilimsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa upole wewe ulikufa lini.

Niliapa kwamba u hai. Akasema hata Filipo nilikuwa nikimwambia yu hai.

Kwa hiyo usinijibu kwa barua. Omba likizo, na wakikunyima, njoo hivyo hivyo. Panda gari la moshi, shuka Dodoma, tafuta lori la kuja Haneti, mama akushike mikono na kusikia sauti yako. Na ukifika ulie mbele yake. Usijikaze kiume, umejikaza vya kutosha.

Msalimu sana wifi Ruthu, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Emilia anakusalimu, ingawa amesema ana neno lake na wewe.

Leo asubuhi mama amemwomba Emilia kwamba Jumapili ijayo, wakisha kumkumbuka Filipo, wanawake waanze kukukumbuka wewe. Mungu akufikishe salama, na akufikishe kabla hawajaanza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na hasira zangu zote,

Hana