Maji ya Kunywesha Chuma

Jumapili, Februari 2013. Lodwar.

Leo jua limechomoza likiwa limekasirika tayari, na upepo umeleta vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai. Sikwenda kanisani. Nimeshinda nyumbani nikisikiliza santuri alizoniachia marehemu baba, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku, hazina mvumo. Sauti ni safi, hata pumzi ya mwimbaji inasikika.

Sijawahi kujichukia namna hii.

Nianze mwanzo. Sauti inayotoka kwenye sindano ya gramafoni ni nyembamba mno, kwa hiyo kuna kisanduku kidogo, priampu, cha kuikuza kabla haijafika kwenye amplifaya. Amplifaya nilinunua Nairobi kwa mtu mmoja, priampu kwa mwingine, nikaviunganisha mwenyewe. Vikanguruma kama kinu cha posho.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nawachorea wanafunzi ule waya unaoshuka ardhini. Ili kuua mvumo huo, nikapigilia chuma ardhini nje ya dirisha, nikapitisha dirishani ule waya mwembamba wa ardhi wa gramafoni, nikaufunga hapo. Kitabu kinasema udongo uwe na unyevu. Lodwar haina unyevu. Basi nikaamua tutautengeneza.

Nasema "tutautengeneza," lakini sikubeba hata tone moja.

Aliyebeba ni Nakiru, mama anayenifulia nguo. Bomba la ploti yetu lilikauka Novemba, na tangu hapo maji anayateka kwenye laga, ule mto wa mchanga. Anachimba, anasubiri yajae, anachota kwa kikombe mpaka mtungi wa lita ishirini ujae, halafu anaupandisha kichwani. Nikamwongezea kazi: mtungi mmoja kila asubuhi, umwagwe kwenye chuma. Jina lake ni la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, naye aliniambia hivyo kwa fahari. Mimi nikaenda kuwachekesha walimu wenzangu kwamba nimeajiri mvua. Walicheka sana.

Siku ya tatu alisimama na mtungi ukiwa umebakiza maji kidogo chini. Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, hii imebaki, napelekea mtoto? Iko na homa."

Nikamwambia hayo ni ya mashine. Akayamwaga.

Kesho yake nikatia chumvi kwenye mtungi kabla hajaumwaga. Kitabu kinasema chumvi husaidia umeme kupita udongoni, na ni kweli. Lakini sikuitia kwa ajili ya kitabu. Niliitia ili asiniombe tena, na hakuniomba. Mtoto alipona baadaye, bila msaada wangu.

Mvumo haukupungua. Ajabu ni kwamba siku chuma kilipolowa sana ndipo ulipozidi. Mwalimu mzima nikasema maji hayatoshi. Ikawa mitungi miwili. Nakiru alikitazama kile chuma na kusema, "Hii kitu inakunywa kushinda ngamia," akarudi lagani.

Jana nilibeba kila kitu mpaka Kakuma, kwa fundi Mkongo anayeitwa Papa Musafiri, mwenye kibanda cha kutengeneza redio katika kambi ya wakimbizi. Nilitaka aniuzie priampu nyingine, maana niliamini yangu ni mbovu. Hakufungua hata skrubu moja. Aligeuza amplifaya, akatazama nyuma, akanitazama mimi.

"Mwalimu, ampli yako iko na priampu yake mu ndani. Weye umeongeza ingine ku inje. Sasa itanyamaza namna gani?"

Halafu akauliza ule waya mwembamba wa gramafoni niliufunga wapi. Nikamwambia, na habari ya chuma, na ya maji. Alicheka mpaka akakaa chini. Waya ule una skrubu yake nyuma ya amplifaya, sentimita chache kutoka pale nilipokuwa nikichomeka nyaya zangu kila siku. Kuupeleka ardhini ndiko kulikozidisha mvumo, na kadiri udongo ulivyolowa ndivyo ulivyovuma zaidi. Akaitoa priampu, akachomeka gramafoni moja kwa moja, akakaza skrubu kwa ukucha. Kimya. Kazi yote haikuchukua hata muda wa kunywa glasi ya chai.

Miezi mitatu ya maji, na dawa ilikuwa ukucha.

Wasomaji wangu wachache wa blogu hii, ile makala niliyowaandikia Desemba kuhusu kulowesha udongo ni upuuzi. Msiifuate. Mnaona jinsi ilivyo rahisi? Kuungama kwa watu ambao hawakubeba chochote hakuumi.

Njia nzima ya kurudi nilijiambia kwamba Nakiru nitamwambia leo. Nilipanga hata maneno. Nitasema nilikosea, nitasema pole, nitasema maji yote ya laga tangu sasa ni yake.

Asubuhi nikaunganisha vyombo, nikaweka santuri. Alikuwa anaingia uani na mtungi wa pili. Akasimama dirishani, maji yakiwa bado kichwani, akasikiliza. Akacheka meno yote yakionekana; sikuwahi kumwona hivyo.

"Ejok, vizuri, mwalimu. Sasa imeshiba."

Alidhani ni maji yake. Alidhani miezi yote ile, shingo yake yote ile, imefika mahali. Ningeweza kusema. Santuri ilikuwa inaendelea, nilikuwa na muda. Lakini nilifikiria jinsi uso ule utakavyobadilika, na kwamba kesho sokoni watajua mwalimu wa fizikia ni mjinga kiasi gani. Niseme ukweli: nilifikiria hilo la pili zaidi.

Nikamwambia, ndiyo, imeshiba.

Akaenda kwenye chuma. Hakina waya tena, kimesimama tu mchangani. Akatia chumvi mwenyewe, kama nilivyomfundisha, akamwaga polepole akizunguka pande zote ili isibaki pembe kavu. Nilimtazama mpaka tone la mwisho. Kisha akauliza kesho alete mitungi mingapi, miwili kama kawaida?

Nikasema mmoja unatosha. Nikajiona mwema.

Akanishukuru.