Shati Lako la Mistari, Baba

Baba yangu mpendwa, uliyelala kule penye mikaratusi,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe ndiye uliyenipeleka kwa wamisheni nikajifunze "lugha ya ofisi", kama ulivyoiita. Ulisema iko siku mtu wa nyumba yetu atalazimika kusema na ofisi bila kutafutiwa mkalimani. Siku yenyewe imefika, Baba. Ni kesho asubuhi, nami naogopa. Tangu tutoke kanisani nimechota maji, nimesaga mahindi, nimefagia mahali nilipokwisha kufagia. Basi nimeketi hapa mlangoni, mvua inanyesha juu ya mashamba ya chai, nazungumza na wewe.

Nyuma yangu Mama anapiga pasi shati lako la mistari.

Unakumbuka lilivyokuja? Yule bwana wa zamani wa shamba, mwenye ndevu nyekundu, alikuwa anarudi kwao Ulaya, akaita watu barazani awagawie vitu. Mpishi alipata sahani, mtunza bustani akapata mwavuli uliovunjika mbavu moja. Wewe ulipewa shati na suruali za kitambaa kimoja, cheupe chenye mistari ya buluu, kwa sababu ya siku ile pikipiki ilipomtupa mtaroni ukambeba mgongoni mpaka nyumbani kwake. Ulikuja nazo huku laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, umezishika kwa mikono miwili. Mama alipapasa kile kitambaa akasema ni chororo kama sikio la mbuzi.

"Ni suti," ulisema.

Nani angebisha? Shati lilikuwa na kola, vifungo, na mfuko kifuani. Suruali ilikuwa ya kitambaa kile kile. Kitu kimoja tu kilikuwa cha ajabu: kiunoni hapakuwa na mahali pa mshipi, palikuwa na kamba ndefu nyeupe. Ulisema labda hata Wazungu huishiwa na ngozi. Ulifunga ile kamba fundo, ukalificha chini ya shati, na tangu siku hiyo hukuwa tena mpogoaji wa chai siku ya Jumapili. Ulikuwa mtu.

Nilipenda kutembea nyuma yako. Kule Kericho yule fundi cherehani Mhindi alikutazama kutoka juu mpaka chini akaziba mdomo kwa ile tepe yake ya kupimia. Tulidhani anasifu mshono. Akina mama wa Kipsigis waliokuwa wakiuza maziwa walikupisha njia. Kanisani mchungaji akakupa kazi ya kusimama mlangoni kukaribisha watu, nawe ukawa unawapa mkono hata watoto wadogo, kila mmoja, polepole, huku foleni ikinyeshewa nje.

Kisha akaja huyu bwana wa sasa.

Unamjua alivyo. Hata akinywa chai, kiboko kiko juu ya meza kando ya kikombe. Walinichukua nyumbani kwao nimbebe mtoto wao, na siku ya kwanza memsahibu, mke wake, alinionyesha jinsi ya kutandika kitanda. Nilipoinua mto nikaiona suti yako, Baba. Mistari ile ile, kamba ile ile. Nikadhani wamekuibia!

Nilikimbilia jikoni nikamuuliza mpishi. Alicheka mpaka akakalia kuni.

"Hiyo ni pajama, wewe! Nguo ya kulala. Baba yako anaenda kwa kanisa na nguo ya kitanda!"

Kisha akaacha kucheka, akafunga mlango. Alisema bwana huyu alishawahi kumkuta mtu kwenye barabara ya Chepseon amevaa pajama hivyo hivyo, akasimamisha gari, akateremka na kiboko. Alisema Mwafrika anayevaa nguo ya kulala mchana ama amemwibia Mzungu ama anamchezea. "Akiona baba yako, ataulizwa ameiba wapi. Na yule mzee wa ndevu ameshavuka bahari. Nani atasema alimpa?"

Kuanzia hapo sikuwa na raha tena. Kila Jumapili niliomba mvua inyeshe ili ujifunike gunia. Ukitoka nje, mimi nilisikiliza gari. Ukicheka na watu njiani nilikuvuta mkono twende, nawe ukanishangaa, ukasema mtoto huyu amekuwa na haraka ya wazee. Ningekuambiaje? Binti anamwambiaje baba yake habari ya nguo za kitanda?

Halafu likaja lile neno kutoka ofisini: wanawake wasiochuma chai watoke laini, warudi makwao. Mama alikuwa mzito, hawezi kuinama wala kubeba kapu. Watoto wawili kabla ya huyo alikuwa amewapoteza, na wote unajua walitoka akiwa safarini. Kumtembeza tena mpaka kwetu ziwani ilikuwa ni kumzika. Ukasema Jumatatu utasimama mbele ya bwana umwombe Mama abaki mpaka ajifungue. Na kusimama mbele ya bwana, ulisema, ni lazima mtu avae vizuri.

Hapo ndipo nilipokuambia. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda ukisugua visigino kwa jiwe. Nilisema nikiangalia jiwe.

Ukalichukua lile shati, ukaligeuza, ukatia vidole mfukoni.

"Nyathina, mwanangu," ulisema, "mtu aliyelala anaweka nini mfukoni?"

Mama alicheka, halafu akaanza kulia, halafu tena akacheka. Mimi nikakusihi uende na kaptula yako ya kazi. Ukainua ile kaptula iliyotoboka nyuma, ukainua na gunia la mvua, ukaniuliza mke wako aombewe na kipi kati ya hivyo viwili.

"Hii nimevaa mbele ya Mungu," ulisema. "Bwana ni mkubwa kumshinda?"

Nilitaka kukujibu kwamba Mungu hana kiboko.

Asubuhi ile nilikuwa kwenye baraza, mtoto wao kiunoni mwangu. Walishagonga kile kipande cha reli cha kuita watu kazini, wanaume wamejipanga uwanjani, wengi wao kwenye magunia, ukungu umefika magotini. Arap Rono, nyapara, alikuwa akiita majina. Wewe ulisimama mbele peke yako, umenyooka, suti yako imepigwa pasi, kipande chako, ile karatasi ya kazi, kimening'inia shingoni kwenye kopo lake. Nami nilikuwa najua kitu ambacho wewe hukukijua: kwamba bwana hutoka asubuhi kuwatazama watu kabla hajavaa. Kwake pale palikuwa baraza ya nyumba yake. Kwetu ndiyo ilikuwa ofisi.

Akatoka. Kikombe mkono mmoja, kiboko kwapani, na mwilini pajama zake za mistari ya buluu.

Mlitazamana. Ningevumilia yote, Baba, lakini mtoto niliyembeba alinyosha kidole kwako, akakinyosha kwa baba yake, akacheka kicheko cha furaha kabisa. Nilimziba mdomo kwa kiganja, nimechelewa. Shingo ya bwana ikawa nyekundu mpaka masikioni.

"Wewe naiba hii wapi?"

"Sikuiba, bwana. Bwana wa zamani alinipa. Nimekuja kuomba maneno ya mke wangu..."

"Mwongo! Hii nguo ya kulala! Wewe nakuja mbele yangu na nguo ya kulala?"

Hukumwangalia alichovaa yeye. Nilikuona unatazama kikombe chake tu.

"Toa," alisema. "Toa yote, hapa, sasa hivi. Watu wote tazama!"

Niligeuka kuelekea ukutani. Nilimgeuza na yule mtoto pia, nikamficha uso shingoni mwangu. Kwetu kule ziwani binti hamtazami baba yake akivuliwa nguo, na kwa Wakipsigis anayetazama uchi wa mzee anajitakia laana yeye na uzao wake. Mzungu yule hakujua. Alidhani anawapa watu kitu cha kuchekesha.

Kwa hiyo sikuona, Baba. Nilisikia tu. Nilisikia pumzi zako, na vidole vyako vikihangaika na fundo. Nilisikia Arap Rono akisema kwa sauti ndogo, "Mzee, fua pole pole," kwa ule ulimi wao, yaani vua polepole. Kisha nikasikia kokoto. Mguu mmoja uligeuka, halafu mwingine, halafu mingi, uwanja mzima, Wajaluo na Wakisii na Wakipsigis, kama ng'ombe wanapogeuka boma lote kwa pamoja. Baadaye niliambiwa wa kwanza alikuwa Arap Rono mwenyewe, nyapara wa bwana.

Walikuwa wanakustahi tu. Lakini bwana aliona migongo. Aliona watu wake wote wamempa kisogo, kimya, kila mmoja na kisu cha kupogolea mkononi.

"Nini hii?" aliuliza. "Rono! Nini hii?"

Rono hakugeuka. "Hapana kitu, pwana. Sisi nangoja tu."

Nikasikia kikombe kikitikisika juu ya kisahani. Sikuwahi kujua kwamba na wao huogopa. Alisema, "Nenda! Nenda kazi, wote!" akaingia ndani, na mlango ukapigwa komeo. Mimi nikakaa chini na mtoto wa watu.

Hukuvuliwa. Lile fundo lilikuwa limekaza kwa jinsi ulivyolivuta, likakataa. Jioni Mama alilikata kwa kisu. Ulikaa na suruali umeishikilia kwa mkono, na hatukucheka. Mkono wako mwingine ulimwaga uji, ukaniambia ni baridi. Na mimi nilikubali kwamba ni baridi.

Habari ya wanawake kutoka laini haikutajwa tena. Okoth alizaliwa hapa hapa, mvua ikinyesha, na Mama alimpokea kwa hilo shati kwa kuwa ndilo kitu chororo tulichokuwa nacho. Jumapili baada ya arobaini ulilifua ukalivaa, ukarudi kusimama mlangoni mwa kanisa. Siku moja gari la bwana lilitupita njiani. Nilikukamata mkono kwa kucha. Bwana aliangalia mbele, akapita. Na barazani, mbele ya watu, hajatokea tena kabla ya kuvaa.

Hukupenda tuongee juu ya siku ile. Mimi ndiye niliyebaki naifikiria. Bado natandika kitanda chao, na kila asubuhi nikiinua mto nikaziona, mkono wangu unasita. Nakunja zile nguo haraka nisizitazame sana.

Sasa nikuambie ya leo. Tangu ile homa ya kifua ikuchukue, Mama ni mjane asiyechuma, na nyumba hii ni ya mfanyakazi. Arap Rono alikuja juzi, hakutaka hata kukaa. Alisema bwana ametaka nyumba iwe wazi, tumpishe mtu mwingine. Mama miguu imemvimba, na kule ziwani ndugu zako walishagawana shamba. Nimeomba kuonana na bwana. Nitamwambia mimi ni mfanyakazi wake, niandikwe kwenye nyumba, Mama na Okoth wakae na mimi. Ni maneno machache. Nimeyarudia mpaka Okoth ameyajua kwa moyo.

Mchana huu Mama ameniuliza nitavaa nini. Nikamwambia gauni langu la kijani. Akasema ni jepesi, kuna baridi, akafungua sanduku akatoa shati lako. Tulipokuzika alikataa uzikwe nalo, nikamkasirikia kwa hilo. Sasa nimejua alikuwa analiweka.

"Vaa ya baba yako juu," amesema.

"Mama, analijua hili shati."

"Ndiyo maana."

Nimebishana naye. Nimemwambia atadhani namchokoza, atanifukuza hata mimi, tutakosa vyote. Amekwenda kuchukua makaa ya pasi. Naogopa, Baba. Siwezi kulisema kwa maneno mazuri. Nami ni mwanamke mzima.

Lakini nimelijaribu. Mikono nimeikunja mara mbili, na mabegani limenitosha kuliko nilivyofikiri. Mfukoni nilikuta kitu kigumu. Ni lile fundo, limekatwa pande zote mbili, Mama amelitunza tangu siku ile, akalitia humo, na hakuwahi kuniambia. Nimeliacha humo humo.

Kesho watakuwa wamejipanga uwanjani kama kawaida. Wengi ni wale wale waliokuwako, wamezeeka kidogo. Nitasimama pale ulipokuwa umesimama, niseme maneno yangu, na sijui kama sauti itatoka. Isipotoka, nitanyamaza nisikilize nyuma yangu, kwenye kokoto, kama kuna mguu unaogeuka tena.

Lala salama, Baba. Usinitazame kesho, nisikilize tu.

Mimi binti yako wa kwanza,
Akinyi