Kompyuta Haihesabiki

Shoga, uko wapi? Mwenzio nimejifungia chooni, sijui nitatokaje kwa aibu.

Unaukumbuka ule mchezo wa mapanga uliomfanya shemeji yako anunue mashine ya gemu, akiapa haupatikani popote pengine? Leo nimeupata kwenye kompyuta yangu hii hii ya kuchorea ramani za nyumba. Huo hapo, unachezeka vizuri tu!

Nikamwita aone. Wala hakushtuka. "Bado ni wa mashine yangu pekee. Kompyuta haihesabiki."

Haihesabiki! Eti zinazohesabiwa ni mashine za gemu tu.

Damu ikanichemka. Nikapaza sauti: "Kwa hiyo mimi nikiwa wako peke yako, halafu niwe na yule jirani wa ghorofa ya juu pia, jirani hahesabiki?"

Nageuka, mama mkwe yuko mlangoni, kiatu kimoja mkononi.

Mama mkwe, shoga!

Mume wangu akaruka kama kamwagiwa maji ya moto. "Mama, inahesabika! Kompyuta inahesabika kabisa!"

Nimeshinda, na hata kushangilia sikuweza.

Mama akaweka kiatu chini taratibu. "Na jirani?"